KICHWA KINACHOUMA SIKU NYINGI: JE, KISU KINAWEZA KUKIPONYESHA?

Watu wengi wanakuja hospitali na neno moja tu: kichwa. Hawana homa wala jeraha, lakini maumivu yanarudi mwezi kwa mwezi. Mama anashindwa kwenda shambani. Mwalimu anafunga dirisha sababu mwanga unamuumiza. Wengine wanachanjwa kwa wembe katika paji la uso, kusudi damu mbaya itoke. Wengine wamesikia kwamba huko Marekani wanganga wanapasua watu na kichwa kinapona. Basi, tuangalie habari hii vizuri.

Mishipa ya fahamu

Mungu ameweka ndani ya mwili mishipa ya damu, na vile vile mishipa ya fahamu. Hii ya pili ni kama kamba nyeupe. Inapeleka kwa ubongo habari za moto, baridi na maumivu. Mingine inatoka juu ya macho na kupita katika nyama ile inayokunja paji la uso wakati mutu anakasirika. Mingine inatoka katika shingo, inapita katika nyama nene za kisogo, kisha inapanda juu ya kichwa. Watu wanaojua ukoma wamekwisha kuona namna mushipa wa kiwiko ukivimba na kubanwa: mukono unauma na vidole vinapata ganzi. Wanganga wengine wanafikiri kwamba mishipa ya kichwa nayo ikibanwa inaweza kuamsha maumivu.

Kazi ya Cleveland

Katika muji wa Cleveland, Marekani, munganga Bahman Guyuron alikuwa akipasua watu waliotaka kuondoa makunyanzi ya paji la uso. Mwaka 2000 aliandika kwamba katikati yao watu 39 walikuwa na kipandauso, ni kusema maumivu makali ya kichwa pamoja na kichefuchefu na kuogopa mwanga. Na 31 walipata nafuu au kupona baada ya kupasuliwa.

Tangu pale wanganga wengine walianza kuifanya kazi hii kwa makusudi. Kwanza wanatafuta mahali maumivu yanapoanzia, pengine kwa sindano ya dawa ya ganzi. Kisha wanakata kidogo nyama inayobana, na mushipa unapata nafasi.

Jaribu la haki

Mwaka 2009 habari za jaribu kubwa zilitolewa. Wagonjwa 75 waligawanywa. Watu 49 walipasuliwa kweli. Watu 26 walipasuliwa ngozi tu, na nyama na mishipa yao ikaachwa nzima, nao hawakujua. Baada ya mwaka mumoja, katika wale 49, watu 28 hawakuwa na maumivu tena. Katika wale 26, alikuwa mumoja tu. Lakini angalieni neno hili: katika wale 26, watu 15 walipata nafuu ya nusu au zaidi, hata kama mushipa haukufunguliwa!

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kazi hii inaweza kusaidia wagonjwa wengine waliochaguliwa vema. La pili, mutu akipasuliwa ngozi anaweza kusikia nafuu kwa muda, na nafuu ile haionyeshi kwamba kisu kimegusa ugonjwa. Ni vile vile kwa wembe wa kijijini. Tena wembe muchafu unaweza kuleta pepopunda, ugonjwa wa ini na UKIMWI. Mwaka 2013 chama cha wanganga wa kichwa cha Marekani kilishauri kwamba kazi hii isifanywe nje ya majaribu yanayoangaliwa vizuri. Kupasua kunaweza kuacha ganzi au mwasho katika ngozi.

Ufanye nini?

1. Hesabu siku. Andika kila siku kichwa kinapouma, na kila kidonge unachokunywa. Mutu anayekunywa aspirini au parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi zaidi ya mitatu, anaweza kuumwa kichwa sababu ya vidonge vyenyewe.

2. Leta hesabu ile kwa munganga. Kuna dawa za kuzuia kipandauso, kama propranololo na amitriptilini. Usizinunue sokoni: propranololo inaweza kumudhuru sana mutu mwenye pumu.

3. Lala na kula kwa saa zilezile, na kunywa maji ya kutosha.

4. Usingoje hata siku moja kama maumivu yameanza gafula kwa nguvu nyingi. Kama kuna homa na shingo ngumu, kifafa, au ulegevu wa upande mumoja. Kama mutu amepigwa kichwani. Au kama mama mwenye mimba anaumwa kichwa sana na macho yake hayaoni vizuri. Mumupeleke hospitali upesi, muchana au usiku.

Wembe mutupe. Kichwa ni nyumba ya akili ambayo Mungu ametupa. Tukitunze kwa akili.