Hii si kanga

Nilimsindikiza shangazi, kavunjika mkono, hospitali moja huku Temeke. Mlango wa chumba cha eksirei ukafunguliwa na sauti ya mama mpiga picha ikatoka: “Nani kaitupa hii kwenye kiti? Mwanangu, hii si kanga!” Kijana wa fildi akaiokota aproni nzito ya buluu, kichwa chini.

Shangazi alifungwa hogo, akarudi nyumbani. Mimi sikutulia. Wiki iliyofuata nikarudi kumuuliza yule mama kisa cha hasira yake.

Akanipa niinyanyue. Kwa macho ni koti la mvua. Mikononi inavuta chini. Ndani mna risasi iliyosagwa na kuchanganywa na mpira, kinga yake sawa na bamba la risasi la robo hadi nusu milimita. Ile ile risasi ambayo Kiswahili kimeipa jina moja na kinachotoka kwenye bunduki.

“Ukiikunja leo huoni kitu,” anasema. “Ikunje pale pale kila siku, ndani inapasuka. Ganda linabaki zima, linang’aa. Unavaa, unajiona umekingwa, kumbe mionzi inapita kwenye ufa, hapa tumboni.”

Sasa ufa ule unaonekanaje? Aproni hupigwa picha yenyewe. Huilaza mezani kama mgonjwa, akanyoosha mikunjo hewani kunionyesha, kisha huenda nyuma ya ukuta na kubonyeza. Penye risasi kamili, picha hutoka nyeupe. Akanionyesha ya aproni moja: nyeupe tupu, na katikati, usawa wa kiuno, mstari mweusi mwembamba kama unywele. Ndipo ilipokuwa ikikalia mgongo wa kiti. Kidole chake kiliufuata mstari ule taratibu, kama anayepapasa kovu la mwanawe.

Dawa yake ni kuitundika kwenye bomba la maji, nene, alilochomelewa ukutani na fundi grili. Msumari hautaki, maana nao hukunja begani. Na bomba liko hatua moja kutoka mezani. “Ikiwa mbali, watu hawavai.”

Kwenye vinu vya umeme wa nyuklia, ambavyo Tanzania hatuna, fumbo la wapi pa kuweka kinga ni hilo hilo, kwa ukubwa mwingine. Mablanketi ya risasi na majukwaa ya mafundi yakiachwa ndani ya jengo la kinu, sharti yafungwe, yasije yakaangukia mitambo ardhi ikitikisika. Yakitolewa nje kila mara, wabebaji ndio wanaopigwa na mionzi. Kwetu, leseni na ukaguzi wa mashine za mionzi viko mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

Chini ya meza kuna gunia: aproni zilizopasuka. Hazina mionzi, risasi huizuia tu. Lakini risasi yenyewe ni sumu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliijua kupitia kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu jirani na nyumba zao, watoto wakaugua.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wameshampitia mama huyu mara mbili. Kakataa.

“Sasa zitakwenda wapi?”

Alilisukuma gunia ndani zaidi kwa mguu. “Kwanza zisitoke humu.”

Nikamuuliza na zahanati ndogo za pembezoni, Mbagala, Chamazi, Tegeta: za kwao nani huzilaza mezani? Alikwishageuka, anamfunga mgonjwa aproni kiunoni.