Padri Aliyeuliza Kuna Nini

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ni ya mtu aliyeshika swali moja mpaka akaliandikia kitabu: duniani kuna nini, na kila kilichopo kipo kwa namna gani?

Swali hilo si jepesi hata kidogo. Chukueni chandarua chenye tundu. Usiku mbu wanapita humo, na asubuhi kila mtu nyumbani anaweza kukuonyesha tundu liko upande gani. Basi lipo. Lakini ni la nini? Si la uzi, kwa kuwa ni pale hasa uzi ulipokosekana. Si la hewa, maana upepo ukivuma hewa inaondoka, tundu linabaki. Mama akilishona haondoi chochote. Anaongeza uzi tu, na tundu halipo tena. Limekwenda wapi? Wanafalsafa Roberto Casati na Achille Varzi walitoa kitabu kizima kuhusu matundu mwaka 1994, na hawakuwa wakifanya mchezo. Elimu yao inaitwa ontolojia.

Mtu wetu ni Alexis Kagame, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1912. Alikuwa padri, mshairi na mwanahistoria. Alipokwenda Roma kusoma falsafa, alikutana na mafundisho ya Aristotle, Mgiriki wa kale aliyegawa vyote vilivyopo katika mafungu 10. Kagame angeweza kuyakariri, akafanya mtihani, akarudi kwao. Badala yake aliigeukia lugha aliyolelewa nayo, na mwaka 1956 kitabu chake kikachapishwa Ubelgiji.

Katika Kinyarwanda aliona mafungu manne. Umuntu ni kilichopo chenye akili. Ikintu ni kisicho na akili: wanyama, miti, mawe. Ahantu ni mahali, na wakati akauweka humohumo. Ukuntu ni namna kitu kilivyo. Maneno yote manne yana shina moja, -ntu, na nyinyi mnalitamka, kwa umbo la -tu, kutwa nzima mnaposema mtu na kitu.

Naupenda sana ujasiri wake. Zama hizo walikuwapo waliofundisha kwamba Mwafrika hana falsafa, naye akachukua maneno ya wachunga ng'ombe akayaweka meza moja na ya Aristotle.

Lakini wasomi wenzake hawakumwachia hivihivi. Paulin Hountondji wa Benin alikataa kwamba falsafa ni mali ya kabila zima lililokubaliana kimyakimya. Kwake, falsafa inataka watu wanaobishana waziwazi.

Haya, tujaribu wenyewe. Kwa Kiswahili tunasema mtu ameanguka, ng'ombe ameanguka, jiwe limeanguka. Ng'ombe tumempa kiambishi kilekile cha mtu, wakati Kagame alimweka fungu moja na jiwe. Je, ina maana Waswahili wanaamini ng'ombe anafikiri kama wao? Sidhani. Labda tunachotenga sisi ni uhai. Sawa, lakini mwembe nao una uhai, unakua na unakufa, na bado tunasema umeanguka. Labda basi ni kujongea. Na gari je, linalokimbia kuliko ng'ombe yeyote?

Mnaona sarufi inavyotushika mkono, kisha inatuachia njiani. Mwanaontolojia ndiye anayeendelea na safari kutoka hapo. Akipata jibu, yeye mwenyewe anatafuta kitu cha kulivunja, na likivunjika anaanza upya bila kununa. Nami naona Hountondji alikuwa na haki ya kudai ubishi, ila bila Kagame kutandika mkeka, wangekaa wapi wabishane?

Kagame hakuishia kwenye Kinyarwanda. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, safari hii akilinganisha lugha nyingi za Kibantu. Alifariki mwaka 1981, na wanafunzi wa falsafa bado wanagombania mafungu yake manne.