Vifungo vya Chini ya Motokaa: Vitazamwe Kabla ya Kuiacha Lami

Motokaa itokayo Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Iganga, Namutumba na Tirinyi hupita juu ya lami, na katika kilomita hizo zipatazo 150 dereva aweza kudhani kwamba kila kitu chini yake ni salama. Taabu huanza mji wa Mbale ukishaachwa nyuma, chini ya genge la Wanale, pale njia zinapoanza kuukwea Mlima Elgon kuelekea vijiji vya Bududa na Bulambuli. Udongo wa huko ni wa mfinyanzi, nao ukilowa hauna urafiki na gurudumu lolote. Ni huko huko askari walikopelekwa kufukua waliofunikwa na maporomoko ya Nametsi mwezi wa Machi 2010, na huko Bulambuli msiba kama huo ukatokea tena Novemba 2024. Siku kama hizo hakuna anayengoja motokaa itolewe karakana.

Basi tuseme juu ya vifungo ambavyo havionekani mpaka mtu alale chali. Tunamsemesha dereva wa kikosi, na vilevile mstaafu aliyejinunulia Land Rover kuukuu, na mama wa nyumba anayepanda nyuma pamoja na watoto na gunia la ndizi.

Land Rover zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 kwa kawaida zina springi za majani mbele na nyuma. Land Cruiser za kazi zingali nazo nyuma. Ekseli hushikwa kwenye kila springi kwa boliti mbili zilizopindwa mfano wa herufi U, ambazo karakana huziita yuboliti. Kwa motokaa yenye springi nne za majani, hizo ni yuboliti 8 na nati 16. Wengi hufikiri kazi yake ni kubeba. La, kazi yake ni kubana. Zikibana sawasawa, majani ya springi na ekseli huwa kitu kimoja. Zikilegea, mzigo wote wa kusukumwa na kufungwa breki huangukia senta boliti, kijiti chembamba kipitacho katikati ya majani, ambacho hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Kikikatika, ekseli husogea upande mmja tu. Motokaa huanza kwenda mshazari kama kaa, bomba la mafuta ya breki huvutwa, na kwenye mteremko wa Bududa hilo si jambo la kusimulia jioni kwa kicheko.

Dalili hujitokeza mapema kwa mwenye macho. Vumbi jekundu la kutu, laini kama unga, likitokea mahali springi inapokutana na ekseli, fahamu kwamba vyuma viwili vinasuguana vilivyopaswa kutulia. Sauti ya "ko!" unapoondoka au unapokanyaga breki nayo ni habari. Gonga kila boliti kwa nyundo ndogo: iliyokaza hulia kama kengele, iliyolegea hutoa sauti ya kopo.

Yuboliti iliyofunguliwa isirudishwe. Imekwisha kuvutwa, na meno yake yamekwisha kuliwa. Ukiikaza tena itakudanganya. Wapo wanaokunja nondo kwa moto kando ya barabara na kuiuza kwa bei ya soda chache. Jinja ni mji wa vinu vya chuma, na nondo ni kitu cha heshima ndani ya zege, lakini mahali pake si chini ya motokaa. Kadhalika usikubali kuchomelewa.

Jihadhari pia na vipimo. Land Rover za zamani hutumia inchi, Land Cruiser milimita. Nati ya nusu inchi yaweza kuingia juu ya boliti ya milimita 12 ikazunguka vizuri mno, kumbe haina inachokishika. Kwa boliti za kichwa, tazama alama: zile za milimita huandikwa 8.8 au 10.9, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chuma kilivyo na nguvu. Zile ngumu za inchi huwa na mistari mitatu au sita. Kichwa kitupu kabisa ni cha kufungia kitanda.

Kazi yenyewe huanza jana yake, kwa kuosha matope, kusugua meno kwa brashi ya waya na kuyapaka mafuta ya kulainisha kutu. Motokaa isimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, chasisi iegemee stendi za chuma. Matofali hupasuka, na jeki peke yake imekwisha kuua mafundi wengi. Asilale mtu chini yake hata kwa dakika moja. Badilisha upande mmoja kwanza, ndipo uende wa pili. Hakikisha kichwa cha senta boliti kimeingia kwenye tundu lake. Nati zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kona kwa kona, hata meno yaliyobaki nje yalingane pande zote, kisha zimaliziwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha motokaa.

Kuna kosa ambalo hata fundi mzoefu hulifanya. Mwisho wa springi huning'inia kwa vibao viwili vya chuma vyenye bushi za mpira. Boliti za hapo zisikazwe kabisa motokaa ikiwa hewani. Ishushwe kwanza isimame kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Vinginevyo mpira hubaki umesokotwa siku zote, nao huchanika upesi.

Kwa wenye Land Rover, jambo moja zaidi. Bodi yake ni ya aluminiamu, na boliti ya chuma ikikutana na aluminiamu penye unyevu, aluminiamu ndiyo huliwa. Ukibadilisha boliti hizo, weka washa ya mpira au ya plastiki katikati, na grisi kidogo.

Vifungo vipya hujilaza. Kama kazi imefanywa Jinja, motokaa ikifika Mbale isimamishwe mahali tambarare na nati zote za yuboliti zikazwe upya kwa kipimo kile kile kabla ya kuiacha lami. Kisha zitazamwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Nati inayozidi kuzunguka kila ikikazwa ina maana kwamba boliti inavutika au meno yanakatika. Hiyo itolewe papo hapo, na motokaa isipande mlima siku hiyo.