Keki ya Mwezi Chini ya Jua la Arusha

Mapema Oktoba, saa sita mchana, jua la Arusha huwa utosini kabisa. Majira hayohayo Wachina husherehekea sikukuu ya mwezi mpevu, tarehe 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda yao ya jadi. Mwaka 2025 iliangukia Oktoba 6. Siku hiyo huliwa yuebing, keki ndogo nene yenye nakshi za maua au maandishi juu yake. Anayeipiga picha uwanjani saa hiyo hujikuta na kitu cha kahawia kisichoeleweka. Nakshi huonekana kwa sababu ya vivuli vyake, na jua la utosini huvifuta.

Suluhisho ni dirisha. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua hupita kaskazini mwa Arusha, upande uleule wa Mlima Meru, hivyo dirisha la kusini hupata mwanga tulivu mchana kutwa. Desemba mambo hugeuka, la kaskazini ndilo huwa zuri. Keki huwekwa ili mwanga uipige ubavuni, na upande wa pili husimamishwa manila nyeupe kulainisha kivuli. Kwa kuwa yuebing nyingi hupakwa yai wakati wa kuokwa na hung'aa, pazia jepesi jeupe huzuia lile doa la mng'ao juu yake. Taa za ndani zizimwe: manjano ya balbu yakichanganyika na mwanga wa mchana, hata sahani nyeupe huonekana kama mgonjwa.

Tangyuan, chakula kingine cha Wachina, ndiyo mtihani wenyewe. Ni vidonge vyeupe vya unga wa mchele wa kunata, mara nyingi vimejazwa ufuta mweusi uliosagwa na sukari na mafuta, na huletwa ndani ya supu ya moto. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Vidonge vyeupe ikavifubaza, uji wa ufuta mweusi uliomo ndani yake ikaupausha. Kwenye simu, gusa kidonge kisha ongeza mwanga kidogo; kwa uji mweusi, punguza. Mwanga ukitokea nyuma ya bakuli, kingo za vidonge vilivyochemka hupitisha nuru kidogo, na mvuke huonekana mbele ya ukuta wa giza. Asubuhi za baridi za Julai mvuke huo huwa mwingi zaidi. Kidonge kikatwe kwa kijiko papo hapo, kwani ufuta ukipoa huganda na hauchuruziki tena.

Kuhusu mapambo, wengi huzidisha. Vijiti vya kulia vikilazwa kando ya tangyuan ni kosa, maana huliwa kwa kijiko. Yuebing nayo hukatwa vipande na kunywewa chai. Kipande cha jiwe jeusi la volkano, ambalo Arusha haina uhaba nalo, hufaa kuliko kitambaa chekundu chenye dragoni.

Mwenye kuuza kashata za ufuta naye anaweza kutumia mbinu hizi. Wachina wana peremende ya ufuta inayofanana nazo sana, na sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania, ukiwemo wa Lindi na Mtwara, huuzwa Uchina. Kashata isimamishwe wima, dirisha likiwa nyuma yake, sukari iliyoyeyuka itawaka rangi ya asali kati ya mbegu.