CHENSO INAGOMA KUPIGA RESI? USIANZE NA SKRUBU!

Leo siasa naiweka pembeni, naleta ishu ya mtaani kabisa. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mko mjini, kafe, mnahesabu dakika. Lakini najua pia kwamba nyumbani kuna baba, mjomba au kaka ambaye chenso ndiyo jembe lake. Sasa chapisha hii, mpelekee. Itamwokolea hela.

Nianze na kisa changu mwenyewe, maana nilichojifunza nilikilipia.

Baba yangu mdogo, kule Masama, alinunua chenso iliyotumika. Ilitoka Dar. Pale Dar ilijaribiwa mbele yake, ikawaka kwa kamba ya pili, ikapiga resi safi. Akafurahi, akapanda nayo basi mpaka Kwa Sadala, akapandisha nyumbani. Kazi ya kwanza ilikuwa mgrevilea, ile miti ya kivuli cha kahawa, umeinamia nyumba ya shangazi. Kibali cha kukata tulikuwa nacho mkononi. Mbao zake zilikuwa tayari na mteja, na hela ya mbao ilikuwa ni ada ya binamu yangu.

Siku ya kwanza ikakata, ila kwa uzito na moshi. Tukaivumilia kwa siku kadhaa kwenye vipande vidogo, vumbi juu ya vumbi. Ikazidi kuharibika. Ikikaa sailensa inakohoa kama mzee mwenye pumu, mara inazimika. Ukibana resi, badala ya kupanda inashuka: "bwoooo", kimya.

Tukaipeleka kwa fundi pikipiki pale barabarani. Jamaa hana roho mbaya, ni mchapakazi. Akachukua bisibisi, akakaza skrubu moja ya kabureta, akakaza tena, mpaka chenso ikalia kwa sauti nyembamba kali. "Imepona hiyo, mangi!" Tukashangilia.

Mchana, wakati wazee wanapumzika, mimi msomi nikaona nifanye la maana. Nikafungua filta ya hewa, nikakuta imeziba kabisa kwa vumbi na unga wa mbao. Nikaiosha, nikaikausha, nikairudisha. Nikajiona fundi.

Tangi la pili halikuisha. Chenso ilipiga kelele juu kabisa, halafu ikajifunga palepale ndani ya gogo. Kamba haivutiki. Tulipofungua ekzosi tukachungulia pistoni, ilikuwa na michirizi kama imekwanguliwa na msumari. Pistoni kwisha, silinda kwisha. Kibali kikaisha muda, mteja akanunua mbao kwingine, na binamu alichelewa kwenda shule.

Nani aliiua? Nilijiuliza sana. Jibu ni kwamba tuliiua wote wawili, mimi na fundi, kwa kufanya vitu sahihi kwa mpangilio usio sahihi. Ndiyo maana ya makala hii.

INAVYOFANYA KAZI

Enjini ya chenso haina oili yake pembeni kama gari. Oili iko ndani ya petroli. Kwa hiyo petroli ikipungua kwenye silinda, na oili imepungua. Enjini inapata joto kali na kukosa kilainishi kwa wakati mmoja. Hapo ndipo pistoni inapokwanguka.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya hewa na petroli kwa kiasi kinachofaa. Hewa ikiwa kidogo, petroli inazidi: moshi mwingi, sauti nzito, resi haipandi. Petroli ikiwa kidogo, enjini inalia kali, inasitasita ukibana resi, na inaungua. Dalili zinafanana ukiwa hujazoea, ndio maana watu wanabahatisha.

Sasa rudi kwenye kisa. Filta ilikuwa imeziba, hewa haiingii, petroli imezidi. Fundi akapunguza petroli kwa skrubu ili ilingane na ile hewa ndogo. Mimi nikasafisha filta, hewa ikaingia kwa wingi, lakini petroli ilishapunguzwa. Chenso ikabaki na njaa ya petroli na oili. Ikafa.

Na kuna jambo jingine ambalo sisi wa mlimani tunalisahau. Kila aliyepanda Kibo, mita 5,895, atakwambia hewa ya juu ni nyepesi. Huhitaji kufika kileleni. Kwenye mita 1,500 hivi, yaani kwenye vihamba vya juu, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko usawa wa bahari. Chenso iliyosetiwa Dar ikifika huku petroli inazidi hewa, inakuwa nzito. Hiyo peke yake haiizuii kukata, lakini ukiongeza filta chafu, ndio "bwoooo" mliyoisikia. Na kinyume chake ni hatari zaidi: chenso iliyosetiwa huku ukaiteremsha Tanga au Dar bila kuirekebisha, inakosa petroli na inaweza kuungua.

MPANGILIO WENYEWE

Kabla ya kugusa chochote, zima, acha ipoe, chomoa waya wa plagi. Petroli na sigara havikai pamoja, hili sirudii.

1. Breki ya mnyororo. Msicheke! Kama breki imefungwa na wewe unabana resi, klachi inasuguana bure, resi haipandi na moshi unatoka. Angalia hii kwanza, ni bure.

2. Petroli. Imekaa zaidi ya mwezi kwenye kidumu? Weka mpya. Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, masika, kifuniko kimelegea? Huenda ina maji. Mwaga kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie: maji yatakaa chini. Mchanganyiko kwa oili nzuri ya tuuti na chenso nyingi za sasa ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5, au mililita 20 kwa lita moja. Kama kitabu cha chenso yako kinasema 25 kwa 1, fuata kitabu. Na usipime kwa kifuniko cha soda. Nunua bomba la sindano duka la dawa, lina alama za mililita.

3. Filta ya hewa. Ivue, ipige taratibu, ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kama ni ya kuoshwa, ikauke kabisa. Ukitaka kuthibitisha, washa kwa sekunde chache bila filta, bila kukata kitu. Resi ikipanda, umempata mchawi. Ila usikate hata tawi moja bila filta, vumbi letu ni msasa.

4. Kifuniko cha tangi na njia ya hewa. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie tangini. Kitundu kikiziba, chenso inafanya kazi dakika chache halafu inakufa. Fungua kifuniko: ukisikia "fsss" na baada ya hapo inawaka vizuri, tatizo ni hilo.

5. Filta ya petroli. Iko ndani ya tangi, mwisho wa mpira. Ivute kwa waya uliokunjwa kama ndoana. Ikiwa nyeusi au ngumu, badilisha. Angalia na mpira wenyewe kama una ufa. Chenso inayokaa sailensa vizuri lakini inakufa ukibana resi mara nyingi inakosa petroli hapa.

6. Plagi. Ifungue, soma rangi yake. Kahawia: nzuri. Nyeusi na mbichi: petroli au oili imezidi, au hewa ndogo. Nyeupe: petroli kidogo, hatari, acha kukata. Uwazi wa plagi kwa chenso nyingi ni milimita 0.5.

7. Kiwavu cha ekzosi. Hii wengi hawaijui kabisa! Ndani ya ekzosi za chenso nyingi kuna kiwavu kidogo cha kuzuia cheche. Mtu anayetia oili nyingi "ili enjini isife" anakijaza masizi. Enjini haiwezi kutoa pumzi, kwa hiyo haiwezi kuvuta nyingine. Sailensa inakaa, resi haipandi ng'o. Kitoe, kisugue kwa brashi ya waya, kirudishe.

8. Mpira kati ya kabureta na silinda. Ukiwa na ufa, hewa ya wizi inaingia. Dalili yake: sailensa inapanda na kushuka yenyewe, na ukiilaza chenso upande huu na ule sauti inabadilika. Usijaribu kulitibu hili kwa skrubu. Badilisha mpira.

9. Ndani ya kabureta. Kabureta ya pikipiki ina boya na bakuli la petroli. Ya chenso haina, maana ingemwaga ukiilaza. Badala yake ina viwambo vyembamba vya mpira vinavyovuta na kuruhusu petroli. Vikikakamaa kwa uzee au petroli mbaya, chenso inagoma. Kuna pia kichujio kidogo sana ndani. Vinauzwa kwa seti, na ni rahisi mno kuliko pistoni. Ndiyo maana fundi pikipiki hodari anaweza kukwama hapa: mashine anaijua, ila hii si ile aliyoizoea.

NDIPO SKRUBU

Umefika hapa, kila kitu kisafi, bado haijatulia? Sasa shika bisibisi. Ziko tatu. L ni petroli ya resi ndogo na ya kuanzia kupanda. H ni petroli ya resi kubwa. Ya tatu, huandikwa T, LA au S, haipimi petroli, inashikilia sailensa tu. Kukaza L au H ni kupunguza petroli, kulegeza ni kuongeza. Chenso nyingi huanzia L na H zikiwa zimelegezwa mzunguko mmoja, lakini cha kuaminika ni kitabu chake. Ukizikaza mpaka mwisho kutafuta mwanzo, taratibu sana, utaharibu ncha.

Rudishia waya wa plagi. Iweke chini mahali wazi, mnyororo usiguse kitu wala mtu. Washa, ipate moto dakika kama tatu. Zungusha L polepole kutafuta pale sailensa inapokuwa juu kabisa, kisha ilegeze kidogo, kama robo mzunguko au pungufu. Halafu T: ishushe mpaka mnyororo usimame kabisa. Bana resi. Ikisitasita, legeza L kidogo tena.

H ndiyo iliyotuua sisi. Ikiwa nje ya gogo, resi yote kwa sekunde chache tu, isilie safi na nyembamba. Iwe na kamkwaruzo, kama inajikwaa kidogo. Ikiingia kwenye mti kamkwaruzo kanapotea. Hiyo ndiyo sauti ya enjini inayopata oili. Ukisikia mlio mkali mtamu, usishangilie kama tulivyoshangilia sisi. Legeza. Fundi mwenye kipimo cha mizunguko ni bora zaidi, maana chenso nyingi hukaa sailensa kwenye mizunguko kama 2,800 kwa dakika na kupanda zaidi ya 12,000.

Na tafadhali sana: usitibu chenso inayozimika kwa kupandisha T. Haitazimika kweli, lakini mnyororo utakuwa unazunguka hata kidole kikiwa nje ya resi. Unatembea nayo kwenye migomba, unateleza... malizia mwenyewe.

Chenso mpya zenye M-Tronic ya Stihl au AutoTune ya Husqvarna hujirekebisha zenyewe, hazina skrubu za L na H. Hizo zikigoma baada ya usafi wote, ni za mtu mwenye kifaa cha kuzipima.

Ukishamaliza yote na bado inagoma, ondoa waya wa plagi, iinue chenso kwa kushika mpini wa kamba. Ikiteremka kwa kusitasita, pumzi ipo. Ikianguka moja kwa moja, pumzi imeisha, na skrubu haitaokoa kitu.

Baba mdogo alipata silinda na pistoni miezi kadhaa baadaye. Sasa kabla ya kazi anapiga filta mwenyewe, na bisibisi ameificha. Nikimuuliza iko wapi ananijibu, "Wewe msomi, kaa mbali." Namuelewa.

Mafundi mliomo humu, hasa wa Moshi kwenye chuo cha viwanda vya misitu, FITI, kama nimekosea sehemu nirekebisheni kwenye maoni. Na wewe ambaye chenso yako imewahi kukufia mkononi, tuambie ilianzaje. Mwingine atapona kwa kisa chako.

Nawakilisha.