Brigedi ya Kisasa: Mvutano wa Uzito na Wepesi

Mnamo Agosti 1990, baada ya Irak kuivamia Kuwait, askari wa miavuli wa Marekani wa Divisheni ya 82 walipelekwa Saudi Arabia kwa ndege. Waliwahi kufika, lakini zana zao zilikuwa nyepesi mno. Endapo vifaru vya Irak vingalivuka mpaka, kuvizuia kungalikuwa kazi kubwa. Vifaru vizito vya Marekani vilikuwa vingali baharini, juu ya meli. Tatizo hilo la jeshi jepesi liwahilo na jeshi zito lichelewalo ndilo lililochangia sana kuzaliwa kwa brigedi mpya za nchi hiyo.

Brigedi ni mkusanyiko wa batalioni kadhaa chini ya amri moja. Zamani mizinga, wahandisi na wachukuzi walikuwa chini ya divisheni, na brigedi ikiazimwa wakati wa vita. Kuanzia mwaka 2004 Marekani iliwaingiza ndani ya brigedi yenyewe, ili iweze kupigana ikiwa imekamilika. (Katika miaka ya 2020 divisheni imeanza kurudishiwa baadhi ya vikosi hivyo.)

Brigedi ya vifaru ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo yenye kiu kuliko zote. Muundo uliofuata mabadiliko ya mwaka 2013 uliipa vifaru 87 vya aina ya Abrams, kila kimoja kikiwa na uzito upatao tani 60 na zaidi, na mzinga wa milimita 120. Tangi la Abrams huchukua lita 1,900 hivi, nazo hukipeleka kilometa zipatazo 420 barabarani. Msomaji akipiga hesabu ataona kuwa kuvijaza vyote mara moja tu kwahitaji lita 165,000, kabla ya kuyafikiria magari mengine. Kwa hiyo batalioni ya ugavi, ambayo husifiwa kwa nadra, ndiyo iamuayo brigedi itafika wapi.

Ili kupata njia ya kati, Jenerali Eric Shinseki alitangaza mnamo Oktoba 1999 shabaha ya kuifikisha brigedi popote duniani kwa saa 96. Shabaha hiyo haikufikiwa. Hata hivyo ilizaa gari la deraya la Stryker, lenye magurudumu manane na nafasi ya askari tisa pamoja na watumishi wake wawili. Asili yake ni Piranha, gari la Kiswisi. Stryker lina uzito wa tani 19 hivi, na lilikusudiwa kubebwa na ndege ya C-130.

Brigedi ya kwanza ya magari hayo iliingia Irak mwishoni mwa mwaka 2003. Ili kuyakinga na makombora ya begani, yalizungushiwa vizimba vya vyuma vyenye uzito wa zaidi ya tani 2, na hapo C-130 ikawa haiyafai tena. Huko Afghanistan mabomu ya kutegwa yaliupasua upande wa chini, uliokuwa bapa. Tangu mwaka 2011 baadhi yakaundiwa tumbo la umbo la V maradufu, liutawanyalo mlipuko pembeni. Uzito ukapanda tena.