Kujihami kwa silaha ya moto (Tanzania)

Kujihami kwa silaha ya moto ni kutumia bunduki au bastola ili kuzuia shambulio dhidi ya uhai, mwili au mali. Nchini Tanzania sheria inakubali kujihami, lakini anayezidisha nguvu huwajibika kwa kosa la jinai.

Historia

Moshi na miteremko ya Kilimanjaro ilikuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916. Kanuni ya adhabu ya Ujerumani ya mwaka 1871 iliruhusu kujihami, lakini katika koloni iliwahusu Wazungu. Waafrika walihukumiwa na maafisa wa boma kwa taratibu za pekee. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na utawala huo tarehe 2 Machi 1900.

Waingereza walileta Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika mwaka 1930, iliyofuata misingi ya sheria ya Uingereza. Mwaka 1980 Bunge la Tanzania liliifanyia marekebisho na kueleza haki ya kujihami kwa kirefu.

Msingi wa kisheria

Katika toleo la mwaka 2019 la Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), haki hii imo katika vifungu vya 18 hadi 18C. Mtu anaweza kujilinda mwenyewe, kumlinda mwingine, au kulinda mali yake au ya mwingine. Mali hiyo ni pamoja na ile ya serikali, ya mwajiri, ya kijiji au ya chama cha ushirika. Hivyo mlinzi wa ghala la kahawa la chama cha msingi mkoani Kilimanjaro ana haki ya kulilinda kama vile mkulima anavyolinda kihamba chake.

Mipaka

Nguvu inayotumika iwe ya kiasi na ya lazima kwa ulinzi huo. Anayesababisha kifo kwa kuzidisha nguvu ana kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Ikithibitika kwamba aliua kwa nia ovu, kosa ni la mauaji na adhabu yake ni kifo.

Kuua au kujeruhi vibaya kunaweza kusamehewa iwapo mtu alitenda kwa nia njema, akiamini kwa sababu za msingi kwamba hapakuwa na budi. Sheria inataja hali kama hofu ya kuuawa au kupata madhara makubwa, ubakaji, utekaji, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi na uchomaji moto.

Kwa mfano, mwenye nyumba akivamiwa usiku na watu wenye mapanga, akafyatua risasi wanapomkaribia, ana utetezi wenye nguvu. Lakini akimpiga risasi ya mgongoni mwizi aliyeacha gunia la kahawa na kukimbia, hatari imekwisha. Ni vigumu kusema risasi hiyo ilikuwa ya lazima. Kulipiza kisasi si kujihami.

Mahakamani

Mshtakiwa akidai alijihami, halazimiki kuthibitisha dai hilo bila kuacha shaka. Ni upande wa mashtaka unaobeba mzigo wa kuthibitisha kosa. Mahakama huangalia silaha za pande zote, majeraha yalipo, umbali, na kama shambulio lilikuwa bado linaendelea.

Leseni ya silaha

Umiliki wa silaha za moto husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni huruhusu kumiliki silaha. Haimpi mwenye nayo ruhusa ya kumpiga mtu risasi. Vilevile, aliyejihami kihalali kwa bunduki isiyo na leseni bado anaweza kushtakiwa kwa kuimiliki.

Ulinganisho na Ujerumani

Kifungu cha 32 cha kanuni ya adhabu ya Ujerumani huruhusu ulinzi unaohitajika dhidi ya shambulio linaloendelea au lililo karibu kutokea. Kwa kawaida mwenye bunduki hutakiwa kwanza kutishia au kupiga risasi ya onyo, ikiwa hali inaruhusu, kabla ya risasi ya kuua. Tofauti iko katika kuzidisha nguvu: kifungu cha 33 humwondolea adhabu aliyevuka mipaka kwa sababu ya kuchanganyikiwa, woga au hofu ya ghafla, wakati Tanzania humtia hatiani kwa kuua bila kukusudia.